MZIWAZIWA SI DAWA YA MACHO, NA JINA LA MTUME (S.A.W.) SI CHAPA YA BIASHARA



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wazazi, akina baba na akina mama wa Nyamirambo, Biryogo, Kimisagara na kwingineko hapa Kigali, leo tuna neno na nyinyi kuhusu jani moja dogo. Ni jani tunalolikanyaga kila siku. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, katika umuganda, tunaling'oa pembezoni mwa barabara na kulitupa pamoja na magugu mengine. Wiki haijaisha, jani lile lile linaturudia ndani ya kichupa, limepewa jina la heshima, na tunalilipia pesa. Wengine wanalichukua bure uani kwao, wanavunja kikonyo, na maziwa yake meupe wanayadondoshea kwenye jicho la mtoto mchanga.

Hapo ndipo tunaposema: basi! Hili halina msingi katika dini wala katika utabibu, na mwenye kulinyamazia ana sehemu yake ya lawama.

MMEA WENYEWE NI UPI?

Waswahili wanauita mziwaziwa, na wengine husema kiziwa. Jina linatokana na utomvu wake mweupe kama maziwa. Wataalamu wa mimea wanauita Euphorbia hirta. Ni mmea mfupi, wenye shina jekundu-jekundu na vinyweleo. Majani yake hukaa mawili mawili, mara nyingi yana doa la zambarau katikati, na vijiua vyake vidogo hujikusanya kama vifundo pale jani linapoungana na shina. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, lakini leo umeenea katika nchi zote za joto duniani. Huota kwenye nyufa za saruji, kwenye mitaro, shambani na hata uani msikitini.

Ukoo wake ni mkubwa mno, una aina zipatazo elfu mbili. Mnyarwanda anamjua vizuri ndugu yake mmoja, umuyenzi, ule unaopandwa kuwa ua wa nyumba. Watu wa pwani wanauita mnyaa au utupa. Kila mtoto aliyekulia kijijini ameshaonywa asichezee maziwa ya umuyenzi, kwani yakiingia jichoni ni balaa. Basi tunauliza: mama aliyemfundisha mwanawe kuogopa maziwa ya umuyenzi, imekuwaje akubali kumtilia mwanawe huyo huyo maziwa ya nduguye umuyenzi, tena kwa jina la dawa?

Hatusemi kuwa mziwaziwa hauna faida yoyote. Mwenye kusema hivyo naye amedanganya. Wazee wa Afrika Mashariki na Kongo wameuchemsha kwa ajili ya kuhara na kuhara damu, kwa kikohozi na pumu, na utomvu wake wakapaka kwenye chunjua. Watafiti hawakupuuza habari hizo. Mwaka 1993 watafiti wa Hispania walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba dondoo la mmea huu lilipunguza kuhara kwa panya wa maabara, na wakatambua ndani yake kiini kimoja kinachohusika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi wa Kinshasa waliujaribu pamoja na mimea mingine ya tiba ya mji wao, dhidi ya vimelea vya malaria na amiba, wakaona una nguvu fulani ndani ya vyombo vya maabara. Hapa kwetu Rwanda, kituo cha Butare cha utafiti wa dawa za asili, CURPHAMETRA, kilifanya kazi ya kuikusanya elimu ya waganga wetu tangu miaka ya 1980, na Pierre-Claver Rwangabo akaiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1993. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba tunadharau elimu ya wazee. Elimu ya wazee tunaiheshimu kiasi cha kutaka ichunguzwe, ipimwe na iandikwe.

Lakini panya si mtoto wako. Chombo cha maabara si tumbo la mtoto wako. Na chai ya majani iliyochemshwa si sawa na utomvu mbichi. Mwenye kuvichanganya vitu hivi vitatu, kisha akakuuzia, ama ni mjinga ama ni tapeli.

JICHO LA MTOTO

Jicho lina kioo cha mbele, chepesi na angavu, ambacho madaktari wanakiita konea. Mwanga wote hupitia hapo. Konea ikiunguzwa au ikipata kidonda, kidonda kikipona huacha kovu jeupe, na kovu halipitishi mwanga. Utomvu wa mimea ya ukoo huu unajulikana kitabibu kwa kuunguza jicho: maumivu makali, macho kuwa mekundu, kuvimba, kutoona vizuri, na wakati mwingine uvimbe hufika ndani ya jicho. Aina zinatofautiana kwa ukali, ni kweli. Lakini ni nani uani kwako anayezitofautisha? Na ni nani aliyepima tone moja la kikonyo cha asubuhi na tone la kikonyo cha jioni?

Halafu kuna uchafu. Mmea ulioota kwenye mtaro wa barabara unakusanya vumbi la magari, maji machafu na mikojo ya wanyama. Utomvu wake hauchujwi wala hauchemshwi. Unatoka kwenye kikonyo unaingia kwenye jicho. Hata kama usingekuwa mkali, vijidudu peke yake vingetosha kuharibu.

Haya si maneno ya kutisha watu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu vidonda vya konea nchini Tanzania, takriban robo ya wagonjwa walikuwa wametumia dawa za kienyeji za macho kabla ya kufika hospitali. Malawi nako madaktari wa macho waliandika habari kama hizo miaka hiyo hiyo. Mtu anakwenda na jicho jekundu ambalo lingepona kwa dawa ndogo, anarudi na jicho lenye kovu la maisha.

Na mtoto mchanga ndiye wa kuhofiwa zaidi. Mtoto akitokwa na usaha machoni katika mwezi wake wa kwanza, hiyo ni dharura. Baadhi ya maambukizi anayoyapata wakati wa kuzaliwa yanaweza kulitoboa jicho ndani ya siku chache. Kila siku unayoipoteza kwa kumtilia utomvu ni siku ya ugonjwa kusonga mbele, na utomvu wenyewe unausaidia ugonjwa.

SOMO LA SHUBRUM

Wauzaji wa vichupa wanapenda kusema: "Hii ni Tiba ya Mtume." Basi na tuyatazame mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kuhusu mimea ya ukoo huu, maana hayakunyamaza.

Imepokewa na Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Bibi Asmaa bint Umays (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimuuliza alikuwa akitumia nini kulainisha tumbo. Akajibu kuwa anatumia shubrum. Mtume (S.A.W.) akamweleza, kwa maana, kwamba hicho ni kitu cha moto, kikali. Kisha Bibi Asmaa akatumia sanaa makki, na Mtume (S.A.W.) akaisifu sana. Wanazuoni wa hadithi wamezungumza juu ya nguvu ya mapokezi haya, nasi hatuyaleti ili kuhalalisha au kuharamisha kitu. Tunayaleta kwa sababu shubrum ni nini? Wafasiri wa elimu ya mimea wanasema ni mmea wa maziwa, wa ukoo huu huu wa umuyenzi na mziwaziwa.

Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alipoifafanua hadithi hii katika Zad al-Ma'ad, alieleza kwamba matabibu waliona ni bora kuachana na shubrum kwa ukali na hatari yake. Na waliokubali kuitumia hawakuitumia mbichi: waliiloweka katika maziwa ya mnyama usiku na mchana, wakiyabadilisha maziwa hayo mara kadhaa, kisha wakaikausha kivulini, wakaichanganya na vitu vingine na kuipima. Ama utomvu wake wenyewe, amenukuu kutoka kwa Hunayn kwamba hauna kheri, wala hafai mtu kuunywa, na kwamba waganga wa njiani wameua watu wengi kwa huo.

Ndugu msomaji, rudia sentensi hiyo: waganga wa njiani. Hunayn bin Ishaq aliishi Baghdad katika karne ya 9, na ndiye aliyeandika maqala kumi mashuhuri kuhusu jicho. Tabibu wa macho wa zaidi ya miaka elfu moja na mia iliyopita alishawajua watu wa vichupa. Sisi wa Kigali ya leo, tuliosoma, wenye simu mkononi, tunawakaribisha sebuleni.

Kwa hiyo anayekuuzia utomvu wa mziwaziwa kwa jina la Tiba ya Mtume amekosea mara mbili. Ameuza kitu ambacho Sunna haikukitaja kuwa dawa. Na amekiuza kinyume na tahadhari ambayo wanazuoni wa Tiba ya Mtume waliiweka kwa mimea ya ukoo ule ule. Jina la Mtume (S.A.W.) ni amana. Si karatasi ya kubandika kwenye kichupa ili bei ipande.

HOJA ZAO NA MAJIBU YETU

1. "Bibi zetu walitumia, nasi tuko hai."
Ni kweli, uko hai wewe unayesema. Na yule aliyepofuka? Na yule mtoto aliyezikwa kwa kuhara, ikasemwa ni jicho la hasidi? Walioumia hawakupata wa kuwasimulia. Isitoshe, bibi zetu hawakuwa na zahanati ya karibu. Walifanya walichoweza kwa walichokuwa nacho, Mwenyezi Mungu awarehemu. Wewe unacho zaidi ya walichokuwa nacho, na utaulizwa kwa hicho.

2. "Mmea una maziwa, basi unaongeza maziwa ya mama."
Hii ni qiyasi ya rangi. Kwa hesabu hiyo chokaa nayo ingeongeza maziwa! Maziwa ya mama huongezeka kwa mtoto kunyonya mara kwa mara, kwa mama kula na kunywa vya kutosha, na kwa mama kupumzika na kupunguziwa mzigo na mumewe. Qur'ani imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili, na ikamwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama kwa wema. Baba anayeona ni rahisi kununua kichupa kuliko kununua nyama, maharage na maziwa ya ng'ombe, atafute aya hiyo katika Suratul Baqara aisome. Tena mmea huu ukinywewa kwa wingi huchafua tumbo na kuleta kichefuchefu na kutapika, na mama mjamzito ameonywa asiutumie.

3. "Ni wa asili, hauna kemikali."
Kila alichokiumba Mwenyezi Mungu kina kiini chake. Sumu ya nyoka ni ya asili. Sikilizeni kisa cha mziwaziwa wa nchi za baridi, uitwao Euphorbia peplus. Watu wa huko walipaka utomvu wake kwenye chunjua na madoa ya ngozi. Wanasayansi wakatoa kiini chake, wakakipima, na mwaka 2012 kikaidhinishwa Marekani na Ulaya kuwa dawa ya kupaka kwa madoa magumu ya ngozi yanayoletwa na jua, kwa jina la Picato. Dawa ya usoni ilikuwa na asilimia 0.015 tu ya kiini hicho, na ilipakwa kwa siku 3 peke yake. Pamoja na kipimo kidogo namna hiyo, mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu majeraha makali ya macho kwa baadhi ya waliotumia. Na mwaka 2020 ikaondolewa katika soko la Ulaya, baada ya kuonekana dalili kwamba inaweza kuhusiana na saratani ya ngozi. Hao walipima, wakaandika, wakafuatilia wagonjwa kwa miaka, walipoona hatari wakaitoa. Muuzaji wako wa kichupa amepima nini? Amemfuatilia nani? Ukimtafuta wiki ijayo, utampata?

4. "Kila ugonjwa una dawa, Mtume (S.A.W.) amesema."
Amesema kweli (S.A.W.), na ametuhimiza tujitibu. Lakini yeye yule, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud na wengineo, amefundisha kwamba mwenye kujifanya tabibu hali hajulikani kuwa na utabibu, basi yeye ndiye mdhamini, yaani anabeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Na Saad (R.A.) alipougua, imepokewa kuwa alielekezwa kwa Harith bin Kalada kwa sababu alikuwa mtu mwenye kuijua kazi ya utabibu. Basi Sunna ni kwenda kwa mjuzi. Wanaoshika nusu ya kwanza ya mafundisho na kuiacha nusu ya pili wanajua wanachokifanya: nusu ya kwanza inauza, nusu ya pili inawashitaki.

5. "Hospitali ni ghali, foleni ndefu, wauguzi wakali."
Hoja hii ina ukweli ndani yake, na wenye vituo vya afya waisikie. Mama anayefokewa mbele za watu leo, kesho atakwenda kwa mganga wa njiani, kwa sababu huyo anamwita dada na kumpa kiti. Ukali wa muuguzi mmoja unaweza kumgharimu mtoto jicho. Lakini hoja hii haimwokoi baba. Wako wanaosema hawana pesa ya mituweli ya familia, na hao hao wananunua vichupa mwezi baada ya mwezi. Jumlisha bei ya vichupa vya mwaka mzima, kisha uweke karibu na mchango wa mituweli wa nyumba yako. Hesabu hiyo fanya mwenyewe, mbele ya mkeo.

WAJIBU WETU MAJUMBANI

Kwanza: Utomvu wa mziwaziwa, wa umuyenzi, au wa mmea wowote usitiwe jichoni, kwa mtoto wala mkubwa. Ukiingia kwa bahati mbaya, osha jicho mara moja kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda kituo cha afya. Usimwache mtoto afikiche jicho.

Pili: Jicho jekundu, lenye usaha au maumivu, lipelekwe kituo cha afya. Katika vituo vya afya vya nchi yetu wamefundishwa wauguzi wa huduma ya msingi ya macho, na ugonjwa ukiwazidi wanamwandikia mgonjwa kwenda hospitali ya wilaya au CHUK.

Tatu: Mtoto anayehara anakufa kwa kukaukiwa maji. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, endelea kumnyonyesha, na umwone mshauri wa afya wa umudugudu wenu. Washauri hawa wako karibu na kila nyumba, na wanatibu kuhara, homa na nimonia za watoto walio chini ya miaka mitano. Ukiona damu kwenye choo, macho yamebonyea, au mtoto hawezi kunywa, usingoje asubuhi.

Nne: Mtoto anayepumua kwa shida, kifua kikiingia ndani au kikipiga filimbi, si wa kuchemshiwa majani. Pumu ina dawa ya kuvuta kwa pampu ambayo hufungua kifua ndani ya dakika chache. Majani yanayochemka jikoni hayakimbii kuliko pumzi inayokatika.

Tano: Mtu mzima anayetaka kuendelea na dawa za asili, aende kwa mvuzi gakondo anayejulikana na kutambuliwa, amwambie daktari anachokitumia, na asimpe mtoto wala mjamzito kwa kukisia. Mvuzi mwaminifu anajua mpaka wa elimu yake, na kumwambia mgonjwa "hili siliwezi, nenda hospitali" ni sehemu ya uganga wake.

NENO KWA MAIMAMU NA WALIMU WA MADRASA

Mashekhe wetu, mnaheshimika, na neno lenu mbele ya mama wa Biryogo lina uzito kuliko tangazo la redio. Kichupa kikiuzwa kwenye ngazi za msikiti siku ya Ijumaa, watu wanadhani mmekibariki. Msikubali. Muulizeni muuzaji mbele ya watu: ni mmea gani huu? Umepimwa wapi? Kipimo cha mtoto wa miezi mitatu ni kipi? Madhara yakitokea, utalipa wewe? Asipojibu, aondoke na mkoba wake. Na wale wanaosambaza matangazo ya vichupa katika vikundi vya WhatsApp vya familia za Kiislamu, kwa bismillahi mwanzoni na namba ya simu mwishoni, wajue kwamba mwenye kuonyesha njia ya madhara ana fungu lake katika madhara hayo.

Mwenyezi Mungu ametukataza kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizi. Jicho la mtoto si lako. Ni amana uliyokabidhiwa likiwa zima, na Mwenye amana atauliza lilikopatia kovu. Siku hiyo hautakuwepo muuzaji wa kukujibia.

Uacheni mziwaziwa uote uani, mbuzi na wataalamu wautafutie kazi yake. Kwa macho ya watoto wetu hauna kazi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi watoto wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia neno wakafuata lililo bora. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.